Namba Nyeupe Pajani

Siku tuliyomzika baba yangu nilikuwa na namba thelathini na moja pajani, imeandikwa kwa rangi nyeupe, chini ya suruali nyeusi niliyoazima. Hakuna aliyejua. Watu walinishika mkono, wakanipa pole, wakanisifu kwamba nilimtunza mzee vizuri, na mimi kila nikipiga hatua nilisikia ile rangi ikinivuta vinyweleo. Nilitaka kucheka na nilitaka kujitupa kaburini, yote mawili kwa wakati mmoja.

Kazi yangu Brussels ilikuwa kuosha wazee. Kila asubuhi nilizunguka majumbani kwao: namwamsha huyu, namwogesha yule, namvisha, nampa vidonge vyake, naenda kwa mwingine. Kufikia miaka ile ya mwanzo baada ya elfu mbili na kumi, nilikuwa nimeshika miili ya Wabelgiji wengi mno kuikumbuka yote. Kisha nikirudi Jette, kwenye vyumba vyetu viwili ghorofa ya tatu, namkuta mzee mmoja ambaye sikuruhusiwa kumgusa hata kwa sabuni.

Baba alikuja kutoka Bukavu mama alipofariki. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea, mguu akiuburuta. Kwetu mtoto haoni uchi wa baba yake. Akiuona, laana yake haiishii kwake. Nilimletea muuguzi wa kike, akamfukuza kabla hajavua koti. Nilimletea wa kiume, kijana mpole; baba akamkalisha, akampa chai, akamsindikiza mlangoni.

"Mimi si maiti," aliniambia. "Bon, maiti njo banaosha." Yaani, maiti ndiyo huoshwa.

Basi tukawa na desturi yetu. Kila Jumamosi jioni alijifungia bafuni na beseni, akageuza ufunguo, na mimi nikakaa chini kwenye korido, mgongo mlangoni. Nikisikia maji yametulia, nauliza.

"Papa, uko?"

"Niko."

Maji yanachuruzika tena, kisha kimya. "Papa, uko?" "Niko, niko! Uniache ninawe." Jumamosi nyingine niliuliza hata mara arobaini. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, nimekaa sakafuni nahesabu pumzi za mtu nyuma ya ubao.

Aliosha pale mkono ulipofika. Mgongo haukufika, visigino havikufika, na pua yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinilisha, iliniambia kwamba mahali fulani chini ya nguo zile kidonda kilikuwa kinaanza. Nilijua mwisho wake. Kidonda kikikua, hospitali. Kutoka hospitali, nyumba ya wazee. Na huko angevuliwa nguo na wageni kila asubuhi, wageni kama mimi. Kumwosha ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumbakisha nyumbani. Nilimwomba, nikamfokea, siku moja nililia. Watanzania niliokuwa nakutana nao Matonge, mtaa wa Waafrika, wana msemo wao, mficha uchi hazai. Baba alizaa saba na bado alikuwa anaficha.

Mteja wangu wa Auderghem alikuwa kinyume chake kabisa. Nilimwita Monsieur, yaani bwana. Alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka themanini na minne, miguu imekufa, moyo unafuata. Asubuhi ya kwanza nilipofunika kiuno chake kwa taulo kama tulivyofundishwa, alilitupa chini akacheka. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa mwanachama wa klabu moja nje ya mji, msituni, ndani ya uzio mrefu, ambako watu wanakaa uchi: wanaota jua, wanacheza mpira, wanakunywa kahawa. Na kila kiangazi wanakuwa na mashindano mafupi ya mbio, mizunguko miwili ya bwawa, hayafiki hata kilomita mbili. Alikuwa ameyakimbia kila mwaka hadi miguu ilipomkataa.

Alitaka nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu. Mara ya mwisho, alisema. Nilimjibu sawa, nitavaa kaptura. Akatikisa kichwa. Siku ya mbio hakuna mwenye nguo ndani ya uzio, si mkimbiaji, si mtazamaji, si mhudumu. Nilikataa wiki tatu. Wiki ya nne nikakubali, na sitasema ni huruma peke yake. Nilikuwa na hasira na baba. Nilitaka kuiona kwa macho yangu hiyo sehemu ambako mzee anavua suruali na dunia haianguki.

Asubuhi ya siku hiyo, Jumamosi, nilikuwa nafunga kamba za viatu baba aliponiita kutoka kitandani.

"Leo utaniosha weye."

Nikabaki na kamba mkononi.

"Nimewaza sana," alisema. "Weye iko na jina ya baba yangu. Donc weye njo baba yangu. Baba anaweza kuosha mutoto yake, si vile?"

Ni kweli nina jina la babu, na tangu utotoni baba akifurahi aliniita baba yake, akaniamkia kwa utani kama mkubwa wake. Sikuwahi kufikiri kwamba utani ule ungeweza kuwa mlango. Aliupata peke yake, kitandani, labda kwa kuutafuta usiku kucha. Alikuwa anatazama dari. Aliona aibu, na mimi pia niliona aibu, na furaha iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko aibu zetu zote mbili.

Ningebaki. Kila siku nasema ningebaki. Lakini gari la Monsieur lilikuwa limeshaagizwa, na ahadi ni deni.

"Papa, naenda kazini kwanza. Nitarudi saa kumi. Usinawe peke yako, unisubiri."

"Saa kumi, alors, à quatre heures," alisema. "Sina haraka. Niko tu."

Kule klabuni ilinibidi kuacha nguo na simu kwenye kabati la chuma, maana simu haziruhusiwi kwa sababu ya picha. Nikabaki na viatu vya kukimbilia na ufunguo wa kabati kwenye kamba shingoni. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nililisema hilo moyoni nikatoka nje na kiti cha Monsieur mbele yangu kama ngao.

Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho, nikakuta watu wote wanatazama miti. Nilikuwa mweusi pekee pale, na walikuwa wameshajipanga kuwa na adabu. Adabu hiyo ilinichoma kuliko macho. Mezani mama mmoja wa makamo, uchi na miwani, alikuwa anawaandikia wakimbiaji namba mapajani, kwa kuwa hapakuwa na fulana ya kubandikia. Alichukua kalamu yake nene nyeusi, akaandika pajani pangu, akasita. Hakikuonekana kitu. Akawa mwekundu hadi kifuani, akaniomba radhi, akakimbia hadi kwenye banda la bustani, akarudi na kalamu ya rangi nyeupe, ile wanayoandikia majina ya miche kwenye vyungu. Thelathini na moja. Rangi ile ni ya kustahimili mvua.

Tukakimbia. Njia ilikuwa changarawe na mizizi, kiti kinaruka, Monsieur anapiga kelele za furaha, na mbele yetu migongo na makalio ya wazee, makovu ya upasuaji, ngozi zilizolegea, vitu ninavyoviona kila siku kazini katika vyumba vilivyofungwa mapazia. Kwenye jua vilikuwa vya kawaida. Katika mzunguko wa pili niliacha kujifikiria nikamfikiria baba: nitaanza na mgongo, kwa maji ya moto, taratibu, nitaongea habari za Bukavu asijisikie. Tulimaliza wa mwisho. Walitupigia makofi, na Monsieur akalia.

Ilikuwa saa tisa. Ningewahi. Lakini Monsieur alitaka bia na rafiki zake, na baada ya bia alikuwa amejichafua, kwa hiyo nikampeleka kwenye bafu za klabu. Nilimwosha vizuri. Nilimwosha mgongo, nikamwosha visigino na katikati ya vidole, bila haraka, kwa sababu ndivyo ninavyofanya kazi yangu. Niliporudi kwenye kabati simu ilikuwa na namba moja tu, ya nyumbani. Alinipigia saa nane na dakika ishirini. Ndio muda tuliokuwa tunakimbia. Nikapiga, haikupokelewa, nikajiambia amelala.

Hadi nimrudishe Monsieur Auderghem, nimlaze, nishike metro mpaka Simonis na tramu mpaka Jette, ilikuwa saa kumi na mbili na jua bado kali. Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Papa, uko?"

Niliuliza mara tatu ndipo nikauvunja kwa bega.

Alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye ukingo wa bafu, kama mtu anayesali. Kiunoni alikuwa amejifunga kitenge cha mama kwa mafundo matatu. Maji ya beseni yalikuwa meusi na ya baridi. Juu ya kigoda palikuwa na taulo mbili zilizokunjwa, yake na nyingine ya kunifunga mimi nisilowe. Kisigino cha kulia, ambacho hakukifikia kwa miezi mingi, kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikawa chekundu.

Nilielewa hapo hapo. Mama alikuwa akifagia nyumba kabla msichana wa kufagia hajafika, mtu wa nje asikute uchafu. Baba alikuwa anajiosha kabla ya kuoshwa. Hakutaka baba yake amkute mchafu. Nilimwambia asinawe, na ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Wanaume watatu wa kikundi chetu cha maombi walikuja kumwosha katika chumba cha maiti. Niliwaambia nitamwosha mimi.

"Mutoto haone uchi ya baba yake," alisema mkubwa wao. "Hata akikufa."

"Aliniruhusu, papa," nilimwambia yule mkubwa. "Jumamosi asubuhi. Alisema mimi ni baba yake."

"Nani alisikia?"

Nikasogelea mlango.

"Na weye ulikuwa wapi pale alianguka?"

"Kazini," nilisema.

Rangi ilinivuta pajani. Kama ningekuwa na uso mkavu zaidi ningebishana, ningewasukuma, ningeingia. Walifunga mlango. Nilikaa chini kwenye korido, mgongo mlangoni, nikasikia maji, na kila yalipotulia mdomo wangu ulifunguka na nikaufunga.

Baada ya maziko nilirudi Jette peke yangu. Bafuni palikuwa kama tulivyopaacha, ila kitasa kipya na ufunguo wake. Sijui kwa nini niliugeuza. Nikavua ile suruali ya kuazima, nikapiga magoti mahali pale alipopiga yeye, nikachukua kitambaa chake na kipande cha sabuni alichobakiza, nikaanza kusugua ile thelathini na moja. Haikutoka. Nilisugua mpaka ngozi ikawaka, nikachota maji mengine, nikasugua tena, halafu nikatulia kidogo kupumzisha mkono. Maji yakatulia pia. Kwenye korido hapakuwa na mtu wa kuuliza.

"Niko," nikajibu.