Mama Alipochagua Kadi Melini

Ukitaka kumkasirisha baba yangu, mtajie neno "kuandikiwa." Kabla hatujapanda chai yetu wenyewe kule upande wa Ndanai, alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha shamba moja kubwa karibu na Kericho, na duka la shambani lilikuwa linaandika. Ukiishiwa na sukari, unaandikiwa. Ukiishiwa na mafuta ya taa, unaandikiwa. Mwisho wa mwezi alipanga foleni kupokea bahasha ya mshahara iliyokuwa nyepesi mpaka wenzake wakamtania kwamba aishike vizuri isipeperuke. Siku aliyoacha kazi aliapa kwamba kalamu ya mtu haitamwandika tena mahali popote, isipokuwa katika daftari la kanisa.

Mama yangu neno hilohilo lilimpa raha. Yeye alikuwa akichuma majani tangu umande haujakauka, anayabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, karani anapima, kisha anaandika ratili kwenye kadi. Kadi ilikuwa na jina la mama, si la baba, kwa sababu siku ya kuandikisha miche baba alikuwa bado kiwandani. Mama hakusoma hata darasa moja, lakini jina lake kwenye ile kadi alilijua kama unavyomjua ng'ombe wako katika kundi la jirani. Aliifunga ndani ya karatasi ya nailoni na kuiweka kifuani. Wakiandika leo, mwisho wa mwezi wanalipa, na mara moja kwa mwaka inakuja bonasi.

Kwa hivyo katika nyumba moja baba akisikia "wameandika" anakunja uso, na mama akisikia anatabasamu. Sisi watoto tulizoea. Wao wenyewe nafikiri hawakuwahi kugundua kwamba wanazungumza habari mbili tofauti, mpaka tulipopanda meli.

Meli tuliipanda kwa ajili ya dada yake mama. Mama mkubwa huyo aliolewa na seremala kutoka Bukoba aliyekuja kutengeneza madirisha ya nyumba za wafanyakazi wa chai, na kazi ilipokwisha akamfuata mumewe ng'ambo ya ziwa. Mama alikuwa msichana wakati huo, na hawakuonana tena. Kisha mtu mmoja wa Bukoba aliyepita Sotik akatuletea habari kwa mdomo: seremala amefariki, watoto hawakujaliwa, na mjane anataka kurudi kwao ila hana nauli. Mama alilia siku hiyo, na kesho yake akaenda kuchuma chai kama mtu aliyetumwa.

Bonasi ilipokuja alinunua tiketi zetu tatu za kwenda na kurudi, yake, ya baba na yangu. Mimi nilikuwa nasomea ualimu, na baba alisema safari kama hiyo inataka mtu wa kusoma mabango. Nauli ya kumrudisha dada yake, mama aliifunga kwenye leso, akapiga fundo, akapiga la pili juu yake, akatuonyesha sote.

"Hii hakuna mtu anagusa," alisema. "Hata nikikufa njiani, mnanizika na mnaenda kuchukua dada yangu na hii."

Siku hizo tulikuwa tumepata uhuru juzi tu, na shilingi ilikuwa moja, Kenya na ng'ambo. Tulifika Kisumu kwa basi, baba na mama wakiwa hawasemezani. Sababu ni kwamba mama alikuwa amekata tiketi za daraja la pili, na baba aliona kuwa daraja la tatu nalo linafika Bukoba. Yeye alikuwa amebeba kikapu cha kimyet, yaani ugali wetu wa wimbi, mayai ya kuchemsha, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichozibwa vizuri. Aliniambia kwa sauti ambayo mama angeisikia kwamba meli hiyo haitakula senti yake hata moja.

Pale tulipoingilia alikuwa ameketi karani wa meli, kijana wa kofia nyeupe, mwenye haraka. Alituuliza chakula na vinywaji tutalipa vipi: taslimu kila tunapoagiza, au tuandikiwe kwenye kadi tumalize hesabu kabla ya kushuka.

"Taslimu," alisema baba, kabla karani hajafunga mdomo.

"Mimi nataka kati," alisema mama. Herufi ya "d" ilikuwa inamsumbua mara kwa mara, kama inavyowasumbua wengi wa kwetu.

"Kati ya nini na nini, mama?"

"Kati! Kati ya kuantika!" Na akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi yake ya majani chai, akaiweka mezani mbele ya kijana yule.

Karani aliitazama, akacheka, akadhani mama anamtania. Akampa kadi ya meli, ya rangi ya samawati. Mama akazipanga kadi zake mbili pamoja, akazifunga kwenye nailoni, akaingia melini kichwa juu. Baba alinong'ona kwangu, "Mwache. Ni pesa yake ya chai. Atajifunza." Nami ningemweleza mama mambo yalivyo, naapa, lakini hatukuwa tumetoka vizuri kwenye ile ghuba ya Kisumu wakati tumbo langu lilipogeuka. Ziwa halikunitaka. Nililala kwenye kitanda cha chuma nimekumbatia ndoo, na elimu yangu yote ya ualimu haikunisaidia kitu.

Kwa hivyo yaliyotokea mezani nilikuja kuyasikia baadaye, kutoka kwa mama mwenyewe na kutoka kwa mhudumu.

Mhudumu huyo alikuwa mzee kidogo, mtu wa heshima sana. Alimletea mama chai, akasema kwa kujivunia, "Hii ni chai ya Kericho, mama." Mama akanywa. Mhudumu akauliza, kama anavyouliza kila abiria, "Chai ikoje, mama?" Mama akafikiri. Akasema imechemshwa kupita kiasi na maziwa ni ya mkebe, lakini majani yenyewe ni mazuri. Mhudumu akashukuru, akachukua kadi, akaandika.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu kila mtu alilijua. Kule kiwandani alikofanya kazi baba kulikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuonja chai. Vikombe vinapangwa mezani, anapita na kijiko, anavuta kwa kelele, anatema kwenye pipa, anasema hii nzuri, hii mbaya, na mtu wa pembeni anaandika. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya mawe na gari. Baba alitusimulia habari zake mara nyingi, na kila mara mama aliuliza swali lilelile: "Analipwa kwa kunywa chai?" Na baba alijibu, "Hata hanywi. Anatema."

Mama aliunganisha mambo. Chai inaletwa, anaulizwa ikoje, anajibu, inaandikwa kwenye kadi. Na kadi, katika maisha yake yote, ilikuwa kitu kimoja tu: wanaandika, mwisho wanakulipa.

Basi alifanya kazi kwa bidii. Alionja chai ya asubuhi, ya saa nne na ya jioni. Alionja kahawa, akasema hii mwondolee. Alipoletewa sangara, hapana, nadhani alikuwa ngege, akaulizwa samaki ikoje, akaona hata samaki wanataka maoni yake, akayatoa. Akaonja mkate wa siagi na mayai ya kukaanga. Na kwa kuwa hakuwa mchoyo, akawaita wanawake wawili wa daraja la tatu waliokuwa na watoto, akawaambia waje wamsaidie kazi.

"Antika kwangu!" alimwambia mhudumu. "Hawa ni wachumaji wangu."

Baba wakati huo alikuwa amekaa nje kwenye sitaha na kikapu chake. Kimyet kilikuwa kimekauka kikawa kama kipande cha boriti, na mursik, kwa sababu ya joto la ziwa, ilikuwa imeanza kuvimba. Kizibo kiliruka kikampiga abiria mmoja begani. Baba aliomba msamaha, akaendelea kula. Mama alipita akamhurumia, akamwambia njoo ule, mimi nimeandikiwa vizuri. Baba alidhani anamcheka, akageuza uso.

Siku ya kushuka Bukoba niliamka nikiwa na nguvu kidogo. Tulikuwa tumeketi sote watatu karani alipokuja na hesabu za wanaoshuka. Mama alimwona, akanyoosha mgongo, akatandika kitambaa chake cha kichwa magotini tayari kupokea. Ndiyo, alikitandika. Bado naona mikono yake ikilainisha kile kitambaa.

Karani akamtajia kiasi.

"Haya," alisema mama. "Leta."

"Wewe ndiye unaleta, mama."

"Mimi? Si mimi ndio nimeonja?"

Ilichukua muda. Karani alieleza, mimi nikaeleza tena kwa Kikipsigis, na mama akawa ananitazama mimi, kisha kadi ya samawati, kisha mimi, mpaka nikaona limemwingia. Aliuliza sauti ikiwa chini sana, "Hata ya wale mama wa watoto?" Nikasema hata yao. Akatoa leso. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likamshinda, na machozi yakaanza kumwangukia mikononi. Nje milima ya Bukoba ilikuwa inaonekana wazi, na hata mimi niliweza kupiga hesabu hiyo: kwa kitakachobaki, dada yake hangefika hata Kisumu.

Nilimtazama baba. Nakiri nilikuwa namchukia tayari, kwa yale ambayo nilijua atasema. Alikuwa na haki zote za kusema, na alikuwa amengoja siku mbili kwenye upepo akila ugali mkavu.

Baba aliinama akafungua kamba za kiatu cha kushoto. Akatoa kiatu, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kidole gumba. Karani alizipokea kwa ncha za vidole. Zilitosha, zikabaki senti kidogo.

"Funga leso," baba alimwambia mama. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu stendi ya basi. "Mimi niliantikiwa kwa ile duka miaka mingi, hakuna mtu alikuja kunilipia. Najua fenye inaumanga."

Mama alifuta macho. "Na wewe ulikula nini siku yote hii?"

"Mawe," alisema baba. Na mama akacheka, huku bado analia, mpaka karani naye akacheka, akaondoka.

Mama mkubwa, tuliyekuwa tumempelekea habari, alikuwa amesimama gatini na kifurushi kimoja. Sikuwahi kumwona, lakini alikuwa na uso wa mama, uliokonda. Walishikana wakakaa hivyo, na watu wenye mizigo wakawa wanawazunguka. Alipoanza kusema, Kikipsigis chake kilikuwa kinakwama, maneno mengine yakitoka Kihaya, na aliona aibu. Mama alimwambia asijali, sisi tuna mwalimu. Nilijisikia mkubwa kwa mara ya kwanza katika safari ile.

Tulingoja siku kadhaa mpaka meli ileile ikazunguka ziwa ikarudi. Tiketi ya mama mkubwa ilinunuliwa kwa pesa ya leso, yote, na mama alifungua fundo mwenyewe. Karani wa kofia nyeupe alipouliza, "Taslimu au kadi?" baba na mama walijibu kwa pamoja, "Hapana!" Chakula chetu cha kurudi kilikuwa ndizi za kuchemsha alizotuletea mama mkubwa kwenye majani ya mgomba, na baba alizisifu kwa kila mtu.

Tulikuwa tumekaa na hizo ndizi wakati yule mhudumu alipotuona. Akaenda akarudi na kikombe kimoja cha chai kwenye sinia.

"Hii siandiki," alimwambia mama. "Nataka maoni tu. Nimewaambia wa jikoni wapunguze kuchemsha."

Mama alikishika kikombe lakini hakunywa. Akampa dada yake. Mama mkubwa alikuwa ameishi miaka yote hiyo kwa watu wa kahawa. Alinusa kwanza. Akanywa kidogo, akanywa tena, na mvuke ukawa unampanda usoni, akafumba macho. Mhudumu akangoja kwa adabu.

"Chai ikoje, mama?"

Mama mkubwa alikunywa mpaka mwisho, akageuza kikombe aone kama kuna kilichobaki, kisha akatutazama mmoja mmoja, kama mtoto anayetaka kuongezewa na anaogopa kusema.

Mama aliangalia leso yake iliyokuwa tupu. Mimi sikuwa na kitu. Baba alikohoa.

"Muongezee," alimwambia mhudumu. "Na mkate. Ya siagi."

Akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.