Mama Alivyoitii Redio

Wakati wa corona niliishi ndani ya studio ya redio yetu ya jamii, pale Matiliku. Kuishi hasa, si kufanya kazi tu. Mwenzangu wa kipindi alipelekwa karantini, mhariri akakimbilia kwao, nikabaki peke yangu na chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Nililala stoo. Zile trei nilizichukia kuliko corona yenyewe.

Biashara zilipofungwa, matangazo yakakauka, tukawaambia wasikilizaji kwamba tunazima mitambo. Mimi sikuhuzunika hata kidogo. Ningeenda Kikima kwa mama, aliyekuwa peke yake tangu tumzike baba.

Lakini akina mama wa mwethya, wale wanaochimbiana matuta shambani kwa zamu, hawakutaka kusikia. Kwao redio ilikuwa kama shamba: mwenyewe akilemewa, kikundi kinaingia. Huyu akaleta petroli ya jenereta, yule ndengu, mwingine maji. Na mwethya ukija kwako, wewe hutoki shambani. Mwenye shamba hushika jembe wa kwanza na kuliweka chini wa mwisho.

"Wewe soma tu," mwenyekiti wao aliniambia mlangoni, barakoa imemshukia kidevuni. "Chakula hautakosa. Wazee wetu wanaskia wewe. Hao wa Nairobi si watu wetu."

Ningesema nini? Nilishukuru, nikafunga mlango, nikazipiga trei ngumi.

Kila asubuhi nikasoma kwa Kikamba, polepole: naweni mikono, kaeni mbali, wazee wasitembelewe.

Mwenzangu alipopona, aliahidi kunishikia taarifa za jioni siku moja. Nilisoma za asubuhi, nikapanda bodaboda hadi Kikima na sukari na sabuni. Mama alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alikuwa amekonda mpaka nikaogopa. Nikashika komeo la geti.

"Simama hapo hapo."

"Mwaitu, mama yangu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Si nimekuskia asubuhi? Umesema mtu wa kutoka nje asiingie kwa wazee, hata kama ni mtoto wao."

"Hiyo nilikuwa naambia watu, mama."

"Na mimi ni nini?"

Niliachia komeo. Alileta sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akaiweka juu ya jiwe karibu na geti, akarudi nyuma hadi mlangoni kwake. Nilikula nimesimama barabarani. Tuliongea kwa kupiga kelele, majirani wote wakisikia habari zetu. Nilitaka kumshika mkono tu, basi.

Jua lilipoanza kushuka, alinipungia kwa ungo.

"Enda sasa. Huyo mwenzako husoma mbio, hatushiki kitu. Enda utusomee."