Jinsi Nilivyomfuta Baba

Nimecheza mpira wa kwenye runinga kwa mashine za kila rika. Ya kwanza ilikuwa ya kaseti, mali ya jirani yetu mjini Koboko. Wachezaji wake walikuwa vijiti vyenye vichwa na mpira wake ulikuwa wa mraba, lakini tuliupiga hivyo hivyo na kushangilia mpaka jirani akatufukuza. Siku hizi nacheza kwenye simu, kazini Arua, saa ya chakula, na wachezaji wanatoka jasho, wanatema mate na kumzonga refa kama watu wazima. Ila mashine ya maisha yangu ni ile ya katikati, nyeusi, ya diski. Bado iko sebuleni kwa baba, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama bibi harusi.

Diski yake tuliuziwa na mfanyabiashara kutoka Kongo, aliyeapa kwamba ni ya Kiingereza. Tulipoiwasha, kumbe ni Kijapani kuanzia juu hadi chini. Baba hakutishika. Alikuwa mwanajeshi zamani, na kwake mtu anayejua kuhesabu hana haja ya kusoma. Akatupanga mimi na dada zangu mbele ya runinga, tukakariri kwa sauti: mstari wa kwanza, mechi, wa pili, kikosi, wa tatu, kuhifadhi, wa nne, usiguse. Hakuna aliyejua hasa huo wa nne unafanya nini, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kwenye kikosi mtu aliweza kuumba mchezaji wake mwenyewe. Baba akajiumba. Akatokea kijana wa miaka ishirini na miwili, mshambuliaji namba tisa, mrefu kuliko baba alivyowahi kuwa, mwenye mbio ambazo mama alisema hakuziona hata siku nyuki walipomfukuza mumewe shambani Abuku. Katika kioo kizima, jina la baba ndilo lilikuwa maandishi pekee tuliyoweza kuyasoma. Baba mwenyewe goti lilikuwa limekwisha kazi, na kutoka kitandani hadi uani ilikuwa safari ya kuombewa dua. Yule kijana alikimbia kwa niaba yake miaka na miaka. Mabao yake yalifika mia nne na kumi na mawili, na baba aliyataja kwa kila mgeni, hata kwa waliokuja kumpa pole ya msiba. Asiyeamini alikalishwa mbele ya runinga akaoneshwa.

Baba alishika pedi ya kuchezea wakati wa mechi tu. Mambo ya mistari aliniachia mimi, mwanawe wa mwisho, kwa sababu aliniamini.

Kisha nikapata kazi Arua, na kwa mshahara wangu nikanunua mashine mpya zaidi, yenye diski ya Kiingereza cha kweli. Huko kuhifadhi kulikuwa mstari wa nne. Nilicheza mwaka mzima, nikajiona msomi, nikaanza kuwacheka wenzangu wa nyumbani wanaohesabu mistari kama watu walio gwarideni.

Nikaenda Koboko kwa sikukuu ya Idi. Tulicheza baada ya pilau, baba akafunga mawili, akaenda msikitini kuswali alasiri na kuniachia kazi ya kuhifadhi. Kidole changu cha Arua kikaenda mstari wa nne. Mashine ikaniuliza jambo refu kwa Kijapani, nami nikaikubalia, kama mtu anavyomwitikia mzee mwenye maneno mengi. Nilipofungua kikosi, namba tisa hakuwapo.

Baba aliporudi nilimwambia kijana ameumia goti, na kwamba mashine hii humwondoa majeruhi kwenye orodha mpaka apone. Akakitazama kioo kwa muda, akasema pole yake. Kesho yake nikakimbilia Arua.

Kila Jumamosi alinipigia simu kumuulizia mgonjwa. Nikamwambia ameanza kutembea. Wiki iliyofuata nikamwambia amekimbia kidogo, daktari ameridhika. Ndiyo, nilimpa hadi daktari. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa mwezi mmoja.

Mwezi huo ulipokwisha nilirudi, nikikusudia kumuumba upya kwa siri baba akienda kuswali. Nilimkuta ameshakaa mbele ya runinga, amevaa shati safi. Akaniamuru nifungue mstari wa pili.

"Mutu kama iko mugonjwa, jina yake inabaki kwa kitabu," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Hii jina hapana iko. Wewe nafuta yeye. Mimi najua, juu karani moja ilifuta mimi namna hii hii."

Habari hiyo nilikuwa nimeisikia kwa mama tu. Serikali ilipobadilika, mtu mwenye kalamu alipitisha mstari juu ya jina la baba, na miaka yake yote ya jeshini ikawa kama haikuwahi kuwapo. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha, na nililia, mimi niliyekuja na mipango. Akasema msamaha ameusikia, sasa niandike.

Nikaandika jina lake herufi kwa herufi, namba tisa. Nilipotaka kuhifadhi akanizuia, akasema niliandike tena jina hilo hilo, safari hii kwa golikipa. Kisha kwa mabeki wote. Kisha kwa viungo. Nikamuuliza timu gani hii yenye mtu mmoja.

"Karani ikifuta moja," alisema, "kumi iko inabaki."

Kazi hiyo ilitufikisha adhuhuri, na hapo ndipo tulipoingia uwanjani. Tulifungwa manne kwa bila. Kila aliyekosa bao, kila aliyeteleza na kila aliyeoneshwa kadi ya njano aliitwa jina la baba yangu, na mzee aliwasamehe wote.