Kasongo, Walikopima Daraja Langu

Nilitoka kijijini kwetu Wamaza kwa sababu ya simu ya mpwa wangu Assani, anayefundisha wanafunzi wa uinjinia kule mjini Kasongo. "Mjomba, njoo uwaoneshe watoto wangu namna ya kujenga kitu kinachodumu." Akataja somo lenyewe: tathmini ya uendelevu. Nikamwambia neno hilo silijui, lakini daraja langu la magogo lina miaka thelathini na piki zinapita juu yake. Akacheka, "Basi ndilo somo lenyewe."

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Kuitwa kufundisha mainjinia, nani angekataa? Ila nilitaka kurudi upesi. Baada ya wiki mbili ilikuwa siku ya salongo, kazi yetu ya kijiji kizima. Daraja lilitaka magogo mapya, na miti mitatu ya mwisho ya kambala iliyobaki ukingoni nilikuwa nimekwisha kuitia alama kwa panga.

Alfajiri nilipanda nyuma ya piki ya Amisi, kijana wa kubeba abiria. Tulipofika darajani nikamwambia asimame kidogo. Zamani, mimi na marehemu Ramazani, baba yake Assani, tulipolaza gogo la kwanza hapo, ukingo ulikuwa na giza la kambala hata saa sita mchana. Wanawake walileta sombe ya majani ya muhogo na ugali wake, tukala kivulini, kima wakitutukana juu ya vichwa. Salongo siku zile ilikuwa siku moja tu: asubuhi watu wako mtoni na mashoka, jioni wanavuka. Ramazani alivuka wa kwanza akicheza. Sijaona tena mtu akicheza vile juu ya gogo bichi.

"Papa, tunaenda ao tunalia?" Amisi akauliza.

"Endesha, weye."

Mchana wote ulikuwa matope. Kila daraja la njiani nilishuka nikachungulia chini yake. Mawili niliyacheka. Moja nililionea wivu, lakini Amisi sikumwambia.

Kasongo tuliingia alasiri, adhana ikitoka misikitini na baiskeli za mchele zikitoka sokoni. Mke wa Assani, Mama Mwamini, alinipokea mlangoni.

"Mjomba, umekonda!"

"Iliyokonda ni barabara. Mimi iko vile vile."

Kesho yake nikasimama mbele ya wanafunzi, matope ya safari bado kwenye viatu. Wawili walichekea viatu. Nikawaacha. Walikuwa wamechora daraja la chuma kwa ajili ya mto wetu, mchoro mzuri kama kitambaa cha harusi. Nikauliza, "Boliti ikikatika mwezi wa mvua, mtaipata wapi?" Wakainamia mchoro wao. "Fundi wa kuchomelea atafika kwa njia gani?" Nikaendelea, "Langu likivunjika, kijiji kizima kinajua kulitengeneza. Andikeni hiyo." Wakaandika. Assani alitabasamu, na mimi nikajiona mkubwa kuliko mlango.

Ndipo akasimama msichana mmoja, Zaina, mwembamba, na chaki mkononi.

"Papa, iko swali. Miti munakata wapi?"

"Pale pale ukingoni. Salongo ni siku moja. Nani atabeba gogo toka mbali?"

"Magogo ya kwanza yalikuwa na urefu gani?"

"Hatua kumi. Nilipima kwa miguu hii."

"Na ya mwaka huu?"

"Kumi na sita," nikasema, nikaitazama miguu yangu.

Alichora mstari mfupi ubaoni, na chini yake mstari mrefu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa: mizizi iliondoka, udongo ukaifuata, mto ukapanuka. Na ile kambala mitatu ilisimama hasa kwenye mguu wa daraja.

"Mtoto, unasema mimi nimebomoa ukingo?"

"Hapana, Papa. Ninapima tu, kama ulivyotufundisha."

Nilitoka nje. Wali wa Mama Mwamini sikuugusa. Assani akaja kukaa karibu yangu.

"Wamenivua nguo, Assani."

"Baba naye angekasirika. Halafu angekwenda kupima."

Siku ya tatu niliondoka. Kufika darajani nikapima kwa miguu, kwenda na kurudi. Kumi na sita. Nikashuka chini nikaona mizizi ya ile mitatu imeshika udongo kama vidole.

Siku ya salongo watu walikuja na mashoka. Mama Feza, kiongozi wa wanawake, alinikuta nimesimama mbele ya miti.

"Papa Kalonda, Kasongo wamekunyang'anya shoka?"

"Hii hatuikati. Tunakwenda kilimani."

"Kilimani! Siku moja itatosha?"

"Haitatosha. Ni mimi niliyewazoesha kukata karibu. Nilikosea."

Kusema neno hilo mbele ya vijana niliowafokea miaka yote kulinichoma kuliko kubeba. Nusu ya watu walirudi mashambani. Wengine walisema Kasongo imeniharibu. Tuliobaki tulivuta magogo siku sita, mabega yakachubuka, na daraja la mwaka huu ni jembamba: piki moja, kisha nyingine. Mama Feza alibaki siku zote sita, akinitukana zote sita.

Nilichojifunza ni hiki: daraja nililijua, msitu wake sikuujua. Gogo la mwisho liliposhuka, wenzangu wakarudi nyumbani. Mimi nikabaki kilimani na panga, nikipita mti kwa mti, nikihesabu iliyosimama. Miaka thelathini ya kujenga, na kazi hiyo sikuwahi kuifanya.