Kona ya Ree ya Kopa

Ko, ko, ko. Ilikuwa pete ya shangazi juu ya kifuniko cha mkebe wa biskuti. Hata leo nikisikia bati limegongwa mahali, nageuka kutazama mlango wa uani. Shangazi hakuwa na haja ya kuita mtu. Akishaswali adhuhuri, akishakunja msala wake, anagonga mara tatu, na nyumba zetu tatu za Usagara zilizopakana uani zinajua kwamba karata ziko tayari.

Tulikuwa wanne. Mimi na shangazi tulikuwa upande mmoja, tumetazamana. Upande wa pili alikaa jirani yetu aliyehamia kutoka Kigombe, mjane mwenye binti mmoja. Mwenziwe alikuwa mama mmoja wa Kishambaa, mtu wa kanisa, mumewe akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Yule mama alijifunza karata kwetu na akacheka kuliko sisi tuliomfundisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliishia darasa la nne, lakini kichwani mwangu nilikuwa bado mwalimu wa hesabu, nina chaki mkononi na watoto arobaini mbele yangu, wote wasafi.

Mchezo wetu ulikuwa wahedi wa sitini. Karata ni arobaini, kila mtu anagawiwa kumi. Ree, ile karata ya moja, ina kumi na moja, saba ina kumi, wale wazungu watatu, karata zenye picha za watu, wana nne, tatu na mbili, na zilizobaki hazina kitu. Jumla ni mia na ishirini, na upande ukifikisha sitini na moja umeshinda. Fedha haikutiwa. "Fedha ni kamari," alisema shangazi, "na kamari ni haramu." Walioshindwa walisuka pima moja ya ukili kila mmoja, ule utepe wa ukindu unaoshonwa mkeka, wakawaletea walioshinda.

"Na ukili ukishonwa mkeka, mkeka ukauzwa?" aliuliza mama wa Kishambaa.

"Gawa karata, mama."

Kuhesabu sikufundishwa na mtu. Turufu ikitajwa, mimi naona kichwani majani kumi ya ukindu yamelala mbele yangu. Ikianguka turufu moja, nachomoa jani moja. Ree ikitoka, nachomoa lile refu. Ikifika katikati ya mchezo wenzangu wanabahatisha, mimi najua zimebaki ngapi, na mara nyingi najua ziko kwa nani. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akigundua ana sauti ya kuimba. Basi tukashinda, kesho tukashinda, wiki ikapita tunashinda, na kikapu cha shangazi kikajaa ukili mpaka kikakataa kifuniko.

Siku moja nilitumwa nirudishe mbuzi ya kukunia nazi kwa jirani. Hakuwapo. Binti yake alikuwa ukumbini, mbele yake mzingo wa ukili mdogo kama sahani.

"Huu ndio nini?" nikamuuliza.

"Mkeka wangu wa harusi," akasema, akacheka. "Ndio umefika hapo."

Nilijua anaolewa mfungo mosi, mara Ramadhani ikiisha, na sasa ilikuwa Rajabu, tena mwishoni. Nilijua pia kwamba kwao mkeka wa bi harusi haununuliwi, mama anausuka kwa mkono wake. Nisichokijua ni hiki alichoniambia binti, tena bila uchungu wowote: "Mama anasuka kila jioni. Mchana anawapelekea nyinyi."

Nikamngoja mama mtu njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kwani usipumzike karata kidogo, mpaka harusi ipite?"

"Nipumzike?" Akanitazama kama nimemfukuza. "Nikae nitazame ukuta? Tangu baba yake afe, mimi nacheka pale tu, kwenye mkebe wenu. Mniondoe na pale?"

Basi nikaamua nitasahau. Mchana wake, karata zilipoanza kuanguka, nikawa najisomea kimoyomoyo: saba mara sita, saba mara nane. Haikufaa kitu. Majani yalijichomoa yenyewe. Mtu hawezi kusahau kwa makusudi. Jaribu wewe uone. Nilipoona hivyo, nikafanya lingine: nikaitupa saba ya turufu huku najua ree haijatoka. Jirani akaila, wakashinda, akapiga vigelegele. Nikaona moyo umetulia.

Wageni walipoondoka shangazi hakunyanyuka.

"Umeniuza," akasema.

"Mimi, shangazi?"

"Ulijua ree iko kwake. Mimi mwenzio nimekaa mbele yako, nakuamini, nabana turufu yangu kukungoja wewe. Kumbe unanichezea upande wa pili."

Nikalia. Kisha nikamuuliza: "Kwani kuhesabu ni wizi?"

"Kichwa chako ulikiiba wapi? Na wao wana vichwa, wahesabu."

"Hawajui kama nahesabu."

"Wajue wasijue, mimi ukili nautaka. Nina mikeka miwili ya kushona." Shangazi yangu alikuwa hivyo, nampenda hivyo hivyo.

Usiku nililala na neno moja. Sitamuuza shangazi tena, na sitamla jirani gizani. Yote mawili. Lazima iwepo njia, na nisipoiona nitaitafuta mpaka niione.

Siku ya pili, kabla ya kugawa, nikaweka mkono juu ya karata.

"Nina neno. Mimi nahesabu. Kila karata inayotoka naikumbuka."

Mama wa Kishambaa akaangua kicheko. "Loo! Kumbe tunacheza na karani wa mkonge!"

Jirani hakucheka. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ule ukili wangu wote? Ungekuja kuuchukua kwa mkono ningekushika. Umeuchukua kwa kichwa, nikushike wapi?"

Lakini nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nikasema tuache ile kawaida ya kufunika karata zilizoliwa. Zilale wazi juu ya mkeka, kila upande zake, kila mwenye macho aone nini kimetoka na nini kimebaki.

"Hee!" shangazi akaruka. "Hizo karata au dagaa wameanikwa?"

"Gawa," akasema jirani.

Alicheza polepole siku ile. Kabla ya kutoa karata alipitisha kidole juu ya zilizolala, akisema peke yake: hii imeondoka, hii imeondoka. Mimi nilicheza kwa akili yangu yote. Sikuacha hata moja kwa huruma. Mwishoni alikuwa na saba ya kopa. Akaitazama ree imelala wazi mbele yake, akaitazama turufu ya mwisho nayo imelala, akainua mkono juu na kuipiga saba yake chini mpaka vikombe vikaruka. Sitini na nne.

"Umeridhika sasa?" shangazi akaniuliza.

Niliridhika. Nikataka kumrudishia jirani kikapu kizima, akakataa. "Sitaki sadaka. Nitaula mwenyewe hapa hapa." Na aliula. Binti yake aliingia mfungo mosi juu ya mkeka ambao robo yake nzima ilisukwa na vidole vyangu na vya shangazi, sisi tulioshindwa kihalali.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulisema siku ile nilipoweka mkono juu ya karata. Ree ya kopa ilikuwa na kona moja iliyokunjika, siku nyingi, tangu mkebe ulipofungwa vibaya. Sikuikunja mimi. Ila niliiona, nadhani peke yangu, na kila ilipogawiwa nilijua iko mkononi mwa nani, hata kabla ya karata ya kwanza kuanguka. Kuhesabu nilikuwa nimekusema mbele ya watu. Hili la kona lilinishinda. Kuhesabu kulikuwa kazi ya kichwa changu. Huku kulikuwa kuchungulia.

Kesho yake shangazi akiwa bado kwenye swala, nilichukua mkebe nikaufunika kwa kanga ili bati lisilie. Nikakaa jikoni, nyuma ya kinu, nikazitoa zote arobaini. Nikachukua moja moja, nikaikunja kona ile ile, kiasi kile kile, nikaibana kwa kucha. Thelathini na tisa. Kisha nikazichanganya, nikazitandaza chini migongo juu, nikaitafuta ree ya kopa, nisiione.