Saba Yenye Mkato

Anwani ilipoingia kwenye simu yake asubuhi ile, Emmett Sobczak aliisoma mara mbili, kisha akailaza simu kifudifudi kwenye kiti cha pikapu. Karani wa kampuni alikuwa ameandika kwa ufupi: Mtaa wa Hollis, nyumba ya kijani, maji hayapati moto, tangi linagonga, chini kuna dimbwi.

Kwa miaka kumi na minne Emmett hakukanyaga Mtaa wa Hollis. Hata akienda kwa daktari wa meno alizunguka kwa njia ya ziwani, na mkewe Bernice aliamini kwamba mumewe anapenda kutazama barafu. Bernice aliamini mengi. Nyumbani kwao kulikuwa na ving'ora vitano vya hewa ya sumu, kimoja mpaka kwenye kabati la makoti, naye akawaambia mashoga zake kwamba huo ndio ugonjwa wa mafundi wote wa hita za maji.

Angeweza kumwachia kazi hiyo fundi mwingine. Lakini alijua kwamba hita ya miaka kumi na minne ikianza kuvuja chini haitengenezwi, inatupwa. Na ubavuni mwa tangi lile kulikuwa na maandishi. Tangi likishapondwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, basi, ushahidi umekwisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata za mtungi huu zilikuwa mbili tu, moja ikazikwa Aprili iliyopita. Alikaa ndani ya pikapu dakika kumi nje ya nyumba ya kijani, theluji ikifunika kioo, na nitakuambia ukweli: hakujua kama amekuja kusema au amekuja kuzoa ushahidi.

Aliyefungua mlango ni Noreen Haggerty, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta mbili na soksi za mchezo wa magongo ya barafuni. Hakumtambua. Kwenye shati la kazi kulikuwa na jina la kwanza tu.

"Karibu fundi. Pole na theluji. Siku ya tatu leo naoga kwa birika, mtu mzima mimi, kama kifaranga kwenye sahani."

"Sasa utaoga kama watu, mama. Liko wapi?"

"Huko chini. Na usishtuke likigonga. Usiku kucha, ko, ko, ko, utadhani kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa."

Walishuka ngazi. Chumba cha chini kilikuwa vilevile, mpaka ndoana za kutundikia koleo za theluji. Emmett akapiga goti, akatia kidole kwenye maji yaliyokuwa yakitoka chini ya tangi, akayasugua. Kutu tupu.

"Kugonga huko ni mashapo," alisema, sauti yake ikimtoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Chokaa ya maji yetu inaganda chini. Moto ukiwaka, mapovu yanabanwa chini ya chokaa, yakitoka yanagonga. Ungelimwaga tangi kila mwaka lingenyamaza. Sasa chini kumeshaoza, hakuna cha kuziba. Lipya limo kwenye gari."

"Mashapo," alirudia Noreen. "Na mimi kuna usiku nililijibu. Usinicheke. Mama yangu alifia humu ndani, nadhani umesikia, mji wetu huu hauna siri."

"Nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Siku ya kufungwa hita ile ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na saba Novemba, na leseni ya Emmett ilikuwa imekwisha muda kwa uvivu wake mwenyewe. Kazi zote zilikwenda kwa jina la kaka yake Casimir. Siku hiyo Casimir alikuwa kitandani na homa. Emmett akaja peke yake kufunga hita ya Bibi Haggerty, mama yake Noreen, akafika mwisho akakuta bomba la moshi limepungua kipande. Bomba la moshi lazima lipande kuelekea dohani, hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo. Yeye akaunga kona aliyokuwa nayo, bomba likainamia chini kidogo, akasema litavuta tu. Saa kumi na moja kwenye klabu ya Wapolandi walikuwa wakianza kukaanga samaki, na samaki wa Ijumaa hawamsubiri mtu. Hakuwasha hata njiti ya kiberiti kuuona moshi unakwenda wapi. Akaandika tarehe na herufi za jina la kaka yake ubavuni mwa tangi, akaenda kula. Walikuwa samaki watamu.

Baridi kali ya Januari ilipobana, moshi uligeuka ukarudi ndani. Noreen alimkuta mama yake asubuhi kwenye kiti chake cha mkono, mashavu mekundu kama mtu mwenye afya.

"Leseni yangu, jina langu," Casimir alimwambia ndugu yake usiku wa siku hiyo. "Wewe una watoto watatu. Mimi nina paka. Nyamaza."

Emmett akanyamaza. Damu ni nzito kuliko maji, wanasema, lakini aliyebebeshwa uzito ule ni mmoja. Casimir alinyang'anywa leseni, akamaliza maisha yake akichonga funguo kwenye duka la vyuma, na waliomfahamu walipeleka funguo zao kwingine. Yule mwingine akajaza fomu, akapata leseni yake, akaitwa fundi mwangalifu. Tangu hapo hakuiacha hita bila kuwasha njiti tatu, na hakuna njiti aliyoiwasha asimwone mwanamke mwenye mashavu mekundu.

Alifanya kazi mpaka mchana. Alilimwaga tangi la zamani, akaliburuta pembeni, akaligeuza maandishi yakaelekea ukutani. Akafunga lipya. Bomba la moshi alilipandisha wima kuliko ilivyohitajika, akapima, akapima tena. Aliwasha njiti ya kwanza kwenye mdomo wa bomba. Moshi ukavutwa juu. Ya pili. Ya tatu.

Noreen alikuwa ameshuka na kikombe cha kahawa. Alimtazama, kisha akasema, "Yule mwingine angefanya hivyo mara moja tu, ningekuwa na mama." Akalishika tangi la zamani, akalizungusha taratibu mpaka maandishi yakamtazama. "C.S. Casimir Sobczak. Bila shaka ulimfahamu, mafundi mnajuana."

"Alikuwa kaka yangu."

Noreen aliweka kikombe juu ya mashine ya kufulia.

"Sikujua," alisema. "Kosa lake si lako. Maliza kazi yako, fundi."

Kilichobaki ni tarehe. Emmett alitoa kalamu ya wino mzito, akasimama mbele ya tangi jipya. Ilikuwa Januari, tarehe ishirini na saba. Angeweza kuandika saba ya watu wote. Mkono ukaandika ile uliyoijua, ukaipitishia saba mkato mdogo katikati, kama bibi yao mzaa baba alivyomfundisha. Chini yake akaandika jina lake lote.

Noreen alisogea. Alitazama saba mpya, akageuka akaitazama ya zamani, ile ya kumi na saba Novemba, nayo ina mkato.

"Ndugu hata mwandiko mmoja," alisema, akitabasamu kidogo. "Ndiyo mlivyofundishwa kwenu, eh?"

Njia ya kuponyoka ndiyo hiyo, imefunguliwa wazi, na aliyeifungua ni Noreen mwenyewe. Neno moja tu la kukubali, na tangi liende kwa wapondaji.

"Hapana," Emmett alisema. "Casimir hakuwahi kuikata saba maisha yake yote. Bibi alimpiga mpaka akachoka naye. Anayekata ni mimi."

Macho ya Noreen yalikwenda kwenye tangi moja, yakarudi kwenye jingine, yakatulia kwenye mikono ya fundi. Tangi jipya lilikuwa likichemsha maji kimya kabisa.

"Nilimtemea mate," alisema hatimaye. "Mlangoni mwa kanisa, siku ya mazishi ya mama. Alininyooshea mkono, nikamtemea mate usoni, na hakujifuta."

"Najua," alisema Emmett. "Nilikuwa nyuma yake. Nilimshikia kofia."