Kadi Mbili za Shangazi

Watu wakisikia nilikuwa karani wa hospitali enzi za Mwingereza, hudhani nilikuwa bwana mkubwa. Bwana mkubwa wapi! Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu tangu asubuhi mpaka vidole vife ganzi, na kusema "ndiyo, bwana" hata pale jibu lilipokuwa hapana. Siijutii kazi ile, ila ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ukinijia akilini mpaka leo, chakula hakishuki.

Daktari wetu, Mzungu mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa akikusanya habari za wanawake wenye uvimbe wa titi. Nairobi palikuwa na mkutano wa madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu kansa, na kila aliyetaka kusoma utafiti wake alitakiwa atangulize muhtasari: ukurasa mmoja, nakala nne, ufike kabla ya siku waliyoiweka. Wa kwetu ulikuwa uondoke na ndege ya posta siku ya Ijumaa. Jumatano daktari aliniita akanieleza jambo lililonifanya nisahau hata kukaa. Hospitali moja ya huko ilikuwa na mashine ya miale ya kutibu kansa, na wenye mashine wangechagua, katika mihtasari hiyo, mgonjwa mmoja wa kila nchi wamtibu. Walimtaka mtu aliyeonwa mapema, uvimbe ukapimwa ungali mdogo, kisha akarudi ukapimwa tena.

Nyumbani kwetu Temeke, nyuma ya duka la baba, alikuwa akikaa, kabla hajahamishwa, mtu wa namna hiyo hiyo. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na mie nilimjua kuliko nilivyomjua baba. Alikuwa na uvimbe. Alikwenda hospitali mapema, mwenyewe, akapimwa na dresa, msaidizi wa daktari, akapewa dawa ya kuchua na kadi. Baadaye nikampeleka tena mie mwenyewe. Nikasema, Alhamdulillahi, huyu keshapata.

Nikakaa kwenye taipu nikiwa na furaha ya kijinga. Nikapiga mgonjwa wa kwanza, wa pili. Wa tatu daktari aliandika hivi: alikuja mapema, uvimbe mdogo kama kokwa ya tende, hakurudi, amepotea. Wa tano: alikuja mara ya kwanza ugonjwa umekwisha kuenea kwapani, amechelewa kama ilivyo desturi ya wenyeji, hakuna la kufanya. Nikavuta kadi za wagonjwa hao kuhakikisha majina. Lahaula! Wa tatu alikuwa shangazi. Na wa tano alikuwa shangazi.

Nieleze ilivyokuwa, maana kosa ni langu. Dawa ya kuchua ilipokwisha bila nafuu, baba alimwita mwalimu wetu wa chuo cha Kurani amtazamie dada yake nyota. Mwalimu akapiga hesabu zake, akasema jina ndilo linalomwelemea, nyota yake haiwezi kulibeba. Akampa jina jingine, ikasomwa fatiha, tukala ubwabwa. Akaonya kwamba asiitwe tena jina la zamani wala asiliitikie mpaka mwaka upinduke, la sivyo maradhi yatarudi kwa nguvu zote. Pale kwetu kila mtu alikuwa na ndugu au jirani aliyebadilishwa jina hivyo. Baba akamhamishia Chang'ombe kwa binamu yetu, mbali na macho ya watu. Nilipompeleka hospitali mara ya pili na karani wa mlangoni akauliza jina, nikalitaja jipya. Mtaa, Chang'ombe. Umri nikakisia tu. Mie, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa majina na kadi, halikunijia akilini hata kidogo kwamba nilikuwa nazaa mgonjwa mpya na kumzika wa zamani!

Nilimfuata daktari mbio na kadi mbili mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akazitazama.

"Majina mawili, mitaa miwili, umri tofauti," akasema. "Na wewe ndiye mtoto wa ndugu yake."

"Ndiyo, bwana. Ni mtu mmoja. Wallahi ni mmoja."

Alidhani napika uongo ili shangazi yangu apate nafasi, na kusema kweli, ningekuwa yeye ningedhani hivyo hivyo. Yule dresa aliyempima mara ya kwanza alikuwa amehamishiwa Lindi. Daktari akafikiri, akasema, "Mlete kesho asubuhi. Nitamwita kwa jina la kadi ya kwanza, na wewe usimwambie kitu pale. Akiitika, nitaandika upya."

Jioni ile ile nikapiga baiskeli hadi Chang'ombe. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa umevimba haufanyi kazi tena. Nikamweleza yote. Nikambembeleza, nikamwapia, nikamwambia Nairobi kuna dawa ya mwanga usiokata wala kuuma. Kitu kimoja tu anachotakiwa ni kusema "abee", kama mwanamke yeyote aitwapo.

Akaokota chuya chache akazitupa. Halafu akasema, "Kwa ajili yako, mwanangu, nitaitika."

Asubuhi tuliketi kibarazani, yeye kwenye benchi, mie nimesimama kando kama nilivyoamriwa. Daktari akatoka na kadi. Akalisoma jina la zamani, vizuri kabisa, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. Shangazi akainua kichwa. Midomo ikafunguka. Nikaona abee ile inakuja, wallahi niliiona. Kisha akauchukua upindo wa kanga akautia mdomoni, akauma, akatazama sakafu.

Daktari akaita mara ya pili. Watu wote kwenye foleni walikuwa wanatazama. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumtikisa mabega. Nikabaki pale pale, mikono inaning'inia tu, sina maana yoyote.

"Basi," akasema daktari, wala hakuwa na hasira. "Kaandike kama ilivyo."

Njiani kwenda kituo cha basi nilimfokea. Nilimfokea shangazi yangu, mgonjwa, mbele za watu! Nikamwambia amejiua mwenyewe kwa mkono wake, na ujinga wa mwalimu umemzidi akili. Basi lilipotokea akanigeukia.

"Nilitaka kuitika," akasema. "Lakini niliona nikiitika, nitakufa. Na mie nataka kuishi, baba."

Nikampandisha, nikarudi kwenye taipu. Nikaweka karatasi nne na kaboni tatu katikati, nikapiga: hakurudi, amepotea. Nikapiga: amechelewa kama ilivyo desturi ya wenyeji. Mara mbili niliinua mkono nizibadilishe sentensi zile, na mara mbili nikaogopa kufukuzwa kazi. Hilo pia nalisema wazi, nisije nikajifanya shujaa. Ijumaa nikabandika stempu mie mwenyewe, nikapeleka bahasha posta, mtu wa dirishani akaitupa kwenye mfuko.

Muhtasari ulikubaliwa. Daktari alifurahi, akanipa mkono, akasema umepigwa safi, hauna kosa hata moja. Mgonjwa aliyechaguliwa alikuwa mwanamke mwingine, wa kwanza katika orodha, na sikumwonea kijicho, maskini. Daktari alipokuwa Nairobi anausoma mbele ya wenzake, sie tulikuwa tunamgeuza shangazi kitandani kwa shuka.

Mwaka haukuwa umepinduka alipokufa. Tulimzika alasiri, watu wengi, hata wa duka la jirani walifunga. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mwalimu akachuchumaa kichwani pa kaburi kusoma talkini, maana maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake, akumbushwe majibu atakayoulizwa. Mwalimu ni yule yule. Akageuka kwa baba, akauliza kwa sauti ya chini atumie lipi.

"La kuzaliwa," akasema baba. "Ndilo lake."

Mwalimu akakohoa kidogo, akaita. Jina lile la zamani, waziwazi, mchana kweupe, mbele ya halaiki yote, na hapakuwa na mtu wa kumkataza marehemu kuitika. Akaita mara ya pili. Alipoita ya tatu, koo lilinifunguka lenyewe, na watu wote wakageuka kunitazama, mwanamume mzima, karani wa serikali, nimesimama kando ya kaburi la shangazi yangu nasema, "Abee."